Deni la Kauli Fupi: Ufupi na Uwajibikaji katika Mawasiliano ya Mitandao ya Kijamii

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja la kimaadili ambalo, kwa juujuu, huonekana kuwa ni la wanahabari na wanasosholojia, lakini ambalo kwa maoni yetu mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana budi kulishughulikia. Swali lenyewe ni hili: mtu anapoamua kulisema jambo kwa maneno machache, je, anawajibika pia kwa yale aliyoyaacha bila kuyasema? Swali hili si la kinadharia tu. Hujitokeza kila siku katika arafa, katika makundi ya WhatsApp na katika mtandao wa X, ambako siku hizi tunaombana radhi, tunapeana pole, tunaitana mikutanoni, na hata kusimamia tasnifu za wanafunzi wetu.

Mjadala uliozoeleka kuhusu ufupi wa aina hii umejikita zaidi katika tahajia. Wako wanaolalamika kwamba vijana waandikao "cjui" na "xaxa" wanaiua lugha, na wako wanaowajibu kwamba lugha ni kiumbe hai na haina budi kubadilika. Hatutakawia katika mzozo huo, kwa sababu maandishi ya mkato si jambo geni kwetu. Kwa muda mrefu Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu kilitumia alama moja kwa irabu i na e, na alama nyingine moja kwa irabu u na o. Msomaji ndiye aliyekamilisha, kwa ujuzi wake wa lugha na wa utenzi uliokuwa mbele yake. Hapakuwa na hasara, maadamu kilichoachwa nje ya karatasi kilikuwa tayari kichwani mwa msomaji.

Mfano huo ndio unaotupa hoja ya msingi ya makala haya. Kauli fupi ni mkopo. Msemaji hukopa kutoka kwa msikilizaji ujuzi wa lugha, wa mazingira, wa historia yao ya pamoja na wa nia yake mwenyewe, kisha akajenga juu ya mkopo huo. Pale ambapo msikilizaji anavyo vitu hivyo, mkopo hulipika papo hapo na hakuna anayedhulumiwa. Pale ambapo hanavyo, deni hubaki, na tutajaribu kuonyesha kwamba deni hilo ni la msemaji, si la msikilizaji.

Ufupi katika mapokeo ya Kiswahili

Hapana shaka kwamba Mswahili aliujua ufupi na kuuenzi kabla ya simu kubuniwa. Methali, kitendawili, usemi wa leso na ubeti mmoja wa shairi vyote ni tanzu zilizosimama juu ya uchache wa maneno. Hata hivyo, tukizichunguza tanzu hizi kwa makini tunaona kwamba hakuna hata moja iliyoachwa ielee hewani bila mtu wa kuishika.

Tuchukue methali kwanza. Mzee asemapo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, hasemi na kila mtu. Husema na kijana fulani, baada ya tukio fulani, naye yupo hapo kuuona uso wa kijana huyo anapoipokea methali. Kijana asipoelewa, mzee huongeza kisa. Methali ni fupi, lakini tukio la kuitoa methali si fupi.

Usemi wa leso ni mgumu zaidi kimaadili, na kwa hiyo unatufaa zaidi. Mwanamke anayejitanda leso yenye maneno makali mbele ya jirani yake ameyaacha mambo mawili: jina la anayelengwa na sababu ya kulengwa kwake. Wote wawili wanayajua. Hata hivyo, akiulizwa, aweza kujibu kwamba aliipendea leso ile rangi yake. Ufupi hapa ni silaha yenye ala. Humwezesha msemaji kusema na wakati huohuo kukana kwamba amesema. Msomaji atatuuliza: je, huu si ushahidi kwamba mapokeo yetu yenyewe yaliruhusu mtu kulikwepa deni? Jibu letu ni kwamba yaliruhusu kwa kiasi tu. Mwenye leso na mlengwa wake wanakaa mtaa mmoja. Watakutana arusini na matangani, watoto wao wanacheza pamoja, na mambo yakizidi wako wazee wa kuwaita na kuwasuluhisha. Ukanaji una mwisho kwa sababu ujirani hauna mwisho.

Mfano wa tatu ni wa ushairi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki katika karne ya 19, mengi ni mafupi, na yalitungwa kwa matukio ya mji: fitina, vita, njaa, mapenzi. Ubeti wa mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja una silabi 64, ambazo zikiandikwa kwa hati ya Kirumi, pamoja na nafasi baina ya maneno, hukaribia sana kiwango cha arafa moja. Kwa kipimo cha urefu, basi, ubeti na arafa ni ndugu. Lakini M. H. Abdulaziz alipokichapisha kitabu chake kuhusu Muyaka mwaka 1979 ilimbidi aeleze kwa kirefu historia ya Mombasa na ugomvi wake na majirani na watawala, kwa kuwa bila maelezo hayo msomaji wa leo angebaki na vina na mizani tu. Kurasa hizo za maelezo ni kipimo cha mkopo ambao mshairi aliuchukua kwa hadhira yake ya awali, hadhira ambayo haikuhitaji kuelezwa lolote.

Jambo la pili linalojitokeza katika ushairi huo ni jibu. Mashairi yaliyobadilishanwa baina ya Mombasa na Lamu wakati wa vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne hiyo, ambayo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya katika kitabu chao cha mwaka 1995, ni mashairi ya kujibizana. Mtunzi alipotupa ubeti alijua kwamba utarudi. Jibu halikuwa bahati. Lilikuwa sehemu ya utanzu. Hata baina ya maadui, aliyesema kwa ufupi alikubali kuulizwa.

Ufupi wa mitambo na ufupi wa hiari

Ufupi wa mitandao una asili nyingine. Arafa ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kiwango chake cha herufi 160 kilitokana na nafasi ndogo iliyokuwapo katika mitambo ya simu. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilikirithi kiwango hicho: herufi 140 za ujumbe, na zilizosalia zikaachiwa jina la mwandishi. Mwaka 2017 kiwango kikaongezwa hadi 280, na mwaka 2023 mtandao wenyewe ukabadilishwa jina na kuitwa X. Ni wazi kwamba hakuna katika historia hii aliyekaa akafikiria ni maneno mangapi yanayotosha kumpa mtu habari ya msiba.

Kinachotuhusu zaidi ni kwamba sababu ile ya mitambo imekwisha. Katika WhatsApp mtu aweza kuandika maelfu ya herufi katika ujumbe mmoja bila kulipia zaidi. Hata hivyo tunaandika "Sawa", "Poa", "Nimeona", "Bado". Aliyepeleka telegramu na kulipia kila neno alikuwa na udhuru, na mpokeaji aliujua udhuru huo: ukavu wa maneno aliulaumu ushuru wa posta, hakumlaumu nduguye. Sisi hatuna udhuru huo. Ufupi wetu umekuwa wa hiari, na tendo la hiari ndilo linalostahili kupimwa kwa mizani ya maadili.

"Sura ya tatu bado"

Yafaa sasa tutoe mfano, na ni haki mfano huo uwe wa kosa la mwandishi wa makala haya mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi mmoja wa uzamili. Alikuwa ameniletea sura ya tatu ya tasnifu yake kwa mara ya pili. Niliisoma, nikaona kwamba uchanganuzi ulikuwa umeanza kushika njia ila nadharia haijaungana na data. Nikiwa ndani ya matatu, jioni, nilimwandikia kwa WhatsApp maneno matano: "Sura ya tatu bado. Irudie." Alama mbili za samawati zikaonyesha kwamba ameusoma ujumbe. Hakujibu. Nikachukulia kwamba ameelewa na amerudi kazini.

Hakuonekana muhula mzima. Tulipokutana hatimaye, hakulalamika. Aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, niliona heri nisikusumbue tena," kisha akanionyesha maneno yangu mwenyewe katika simu yake.

Tuyatazame maneno hayo kama tunavyoyatazama maneno ya mshairi. "Bado" ni neno lenye nyuso mbili. Laweza kumaanisha kwamba jambo lingali linaendelea, na laweza kumaanisha kwamba halijatimia. Kisarufi hutarajiwa kufuatwa na kitenzi, na kitenzi hicho ndicho kinachoamua: bado inaendelea kukua, bado haijafaa, bado ina kasoro. Mimi nilikidondosha kitenzi. Nilichokuwa nacho moyoni ni "bado kidogo". Alichokipokea yeye ni "bado" la mtihani, la mtu aliyeshindwa kwa mara ya pili. "Irudie" nayo ina utata huohuo. Kukirudia kitu ni kukirejea ili kukitazama tena, na pia ni kukifanya upya tangu mwanzo. Nilitaka aitazame tena. Yeye alielewa kwamba kurasa zake zote hazikufaa kitu.

Lau ningeyasema maneno yaleyale ofisini, pasingekuwa na madhara. Angeona kwamba nimeushika muswada na kwamba pambizo zimejaa maandishi yangu, angeisikia sauti, angeuliza, "Mwalimu, niirudie yote?" nami ningejibu, "La, sehemu ya mwisho tu." Kwa maneno mengine, ofisini deni lingelipwa katika muda wa nusu dakika. Katika simu halikulipwa kwa miezi kadhaa, na aliyetozwa riba hakuwa mimi.

Mtu atasema kwamba mwanafunzi naye angeuliza. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini inasahau cheo. Anayeandika kwa ufupi kwa aliye chini yake humwachia mzigo wa kukamilisha maana mtu ambaye ana sababu zote za kuogopa kuikamilisha vibaya, na ambaye kuuliza kwake huweza kuonekana kuwa ni ujinga au ufidhuli. Mkubwa husema "bado" akaenda kula. Mdogo hukaa na "bado" hilo usiku kucha. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kadiri cheo cha msemaji kinavyopanda ndivyo deni la ufupi wake linavyokuwa kubwa.

Kuhusu kimya, wote wawili tulikosea kusoma. Alama za samawati, ambazo WhatsApp ilizianzisha mwaka 2014, hutujulisha kwamba ujumbe umefunguliwa. Hazitujulishi kwamba umeeleweka. Mimi niliusoma ufunguzi kama uelewa. Yeye alikisoma kimya changu kilichofuata kama hukumu iliyotiwa muhuri. Tumefundishwa na mapokeo yetu kwamba kimya kina mshindo, lakini hatukuwahi kufundishwa kuusikia mshindo wa kimya chenye alama mbili.

Pole na uwepo

Tukitoka katika kazi na kuingia katika maisha ya binafsi, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa msiba. "Pole" ni neno la silabi mbili, na hakuna aliyewahi kulilaumu kwa ufupi wake. Kwa nini? Kwa sababu mtoa pole amekuja. Amekaa mkekani, ameshika mkono wa mfiwa, pengine amelala matangani. Uchache wa neno umefidiwa na wingi wa uwepo. Neno likiwa refu mno mahali hapo huwa hata ni kero.

Katika kundi la WhatsApp la ukoo au la wafanyakazi wenzetu, neno lilelile hufuatana mara 50, moja chini ya jingine, na wengine hunakili la aliyetangulia. Neno halijabadilika, kilichoondolewa ni kile kilicholikamilisha. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushutumu. Walio mbali, kutoka Lodwar hadi Toronto, wasingeweza kufika. Wapo ambao pole yao huandamana na mchango wa M-Pesa wa gharama za mazishi, au na simu baada ya wiki mbili wakati wengine wameshasahau. Hao wamelipa. Asiyelipa ni yule ambaye angeweza kufika, au angeweza kupiga simu, akaona kwamba silabi mbili zimemtosha kujitoa lawamani.

Inafaa kulinganisha hali hii na barua. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake, za kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, tunaweza kuzisoma leo kwa faida ijapokuwa hazikuandikiwa sisi. Zimebeba muktadha wake ndani yake. Mwandishi wake alijua kwamba ndugu yake yuko mbali na hauoni uso wake, kwa hiyo aliuandika uso huo. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza: umbali unapozidi, maneno hayana budi kuzidi pia. Sisi tumekigeuza. Tumekuwa wafupi zaidi kwa walio mbali zaidi.

Kauli fupi uwanjani

Hatari huwa kubwa zaidi kauli fupi inapotolewa mbele ya umma usiojulikana. Wakenya hatuhitaji kukumbushwa kwamba wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, arafa za uchochezi zilipita kutoka simu hadi simu. Nguvu yake ilikuwa katika kile ambacho hazikusema: nani ameiandika, ameona nini, na anayeipokea atakwe nini hasa. Kila aliyeipeleka mbele alijiona kuwa si mwandishi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliyaharamisha matamshi ya chuki, lakini sheria humtafuta mwandishi, na katika mlolongo wa wapelekaji mwandishi huyeyuka. Tunapendekeza kwamba kimaadili, anayeipeleka mbele kauli fupi ya mwingine amekubali kuwa mdhamini wa deni lake.

Haki inatulazimu tuutaje upande wa pili. Mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya waliupinga Mswada wa Fedha kwa njia hizihizi fupi: vipande vya video, alama ya reli moja, vifungu vya mswada vilivyofafanuliwa kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Watu kadhaa walipoteza maisha katika maandamano hayo, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Mtu asiye na gazeti wala redio alipata sauti. Je, si ufupi huo uliompa?

Tunakubali. Lakini tukichunguza tunaona kwamba kauli hizo fupi zilikuwa milango ya kuingilia katika maandishi marefu. Nyuma yake kulikuwa na mswada wenyewe, vifungu vyake na mazungumzo ya sauti mtandaoni yaliyochukua saa nyingi, ambako aliyetoa kauli aliulizwa na kujibu. Hapa ufupi ulilipa deni lake. Mfano huu, basi, hauibomoi hoja yetu, unaikamilisha.

Pingamizi moja

Liko pingamizi ambalo hatuwezi kulipita. Mtu aweza kusema kwamba ufupi ni heshima. Anayeandika kirefu humwibia mwenziwe wakati, na katika kazi zetu za siku hizi, ambapo mhadhiri mmoja ana wanafunzi wengi kupita kiasi, asiyeandika kwa ufupi hatamjibu yeyote. Pingamizi hili ni la kweli, na mwandishi wa makala haya hulihisi kila muhula. Jibu letu ni kutofautisha kati ya habari na hukumu. "Mkutano ni saa nane" ni habari. Haidai zaidi ya ilivyo. "Sura ya tatu bado" ni hukumu juu ya kazi ya mtu, na hukumu hudai sababu. Wakati tunaouokoa kwa kuifupisha hukumu hatuuokoi. Tunauhamisha tu kutoka katika saa zetu hadi katika saa za mwingine.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ufupi wenyewe si kosa, na kwamba mapokeo ya Kiswahili yaliukuza na kuupamba. Kilichoulinda kilikuwa ni hadhira iliyojulikana, uwepo wa msemaji na nafasi ya jibu. Mitandao ya kijamii imeuchukua ufupi na kuviacha vilinzi vyake. Kwa hiyo jukumu ambalo zamani lilibebwa na mtaa, mkeka na baraza, sasa limemwangukia mwandishi peke yake: ajue anasema na nani, awe tayari kuulizwa, na amwambie mwenziwe wazi kwamba anaruhusiwa kuuliza.

Mwanafunzi yule aliikamilisha sura ya tatu, na tasnifu yake ilipita. Alichokibadilisha kilikuwa kurasa nne. Tangu hapo, ninapokuwa na hukumu ya kutoa juu ya kazi ya mwanafunzi, humwandikia tu siku na saa ya kufika ofisini, na akiwa mbali humpigia simu. Baadhi yao wamenambia kwamba ujumbe huo nao huwatia hofu, kwa kuwa hawajui wanaitiwa nini. Nimeanza kuuongezea sentensi moja.